Tuinunue au Tuiache?

Akina mama wenzetu, nyumbani kwetu lipo daftari la matumizi ambalo sisi wawili, mke na mume, hulijaza kila Jumamosi jioni. Miezi michache iliyopita liliingia humo neno lililotukosesha usingizi: kompyuta.

Binti yetu yuko kidato cha tatu na hakuwa na mashine ya kufanyia mazoezi. Hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa nazo zilikuwa katika madaftari matatu yasiyopatana. Basi tukapanda daladala hadi Kariakoo. Muuzaji akatutolea kompyuta ya mezani iliyotumika, na skrini yake, kibodi na kipanya, kwa shilingi 280,000. Tulikuwa na 300,000 tulizojiwekea. Pembeni yake ilikuwapo nyingine, mpya kidogo kuliko hiyo, kwa 550,000. Tukatazamana. Nyumbani kulikuwa na bahasha ya ada, na kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini.

Kosa hilo tulikwisha kulifanya. Mwaka 2019 tulichota kwenye ada ya mtoto wetu mkubwa, tukanunua kompyuta ya kupakata bila hata kuijaribu. Baada ya wiki tatu ilizimika, haikuwaka tena. Mtoto alirudishwa kwa ajili ya ada, akakaa nyumbani siku tisa huku wenzake wakisoma. Hata leo akitukumbusha kwa utani, sisi hatucheki.

Safari hii tuliondoka mikono mitupu. Jioni tuliandika kazi tulizotaka mashine itufanyie: kuchapa barua, kutunza hesabu, na binti kujifunza. Zilikuwa hizo tu. Tuliona wazi kuwa kazi hizo hazidai mashine ya 550,000.

Jumamosi iliyofuata tulimwomba kijana wa jirani, fundi wa kompyuta, atusindikize. Alisoma namba ya prosesa, yaani ubongo wa mashine: i5-3470. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 3, maana yake kizazi cha tatu, kilichotoka mwaka 2012. Ndani ilikuwamo Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo haizipokei rasmi prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Mashine itaendelea kuwaka, lakini mianya ambayo wezi wa mitandaoni hupitia haitazibwa tena.

"Mama, kama mtaweka humo hesabu za watu, msiiache hivi," alituambia. Alishauri tuweke Linux Mint, ambayo ni ya bure na inafaa mashine za zamani.

Kisha akaizima, akachomoa waya wa umeme, akaiwasha tena. Ilichukua muda mrefu kuwaka, kwa kuwa diski yake ilikuwa ya zamani, ile ya kuzunguka. Saa nayo ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi: betri ndogo ya ndani imekufa. Si ugonjwa mkubwa, lakini ulitupa neno la kumwambia muuzaji. Akashuka hadi 220,000. Diski ya SSD pamoja na betri vikatugharimu 60,000. Tukarudi na 20,000 mfukoni.

Kompyuta tumeiweka sebuleni, si chumbani kwa watoto, ili kila apitaye aone kinachosomwa. Kwa kuwa ya mezani haina betri ya kuishikilia umeme ukikatika, tumemzoeza binti kuhifadhi kazi yake kila baada ya dakika chache. Madaftari matatu ya kikundi sasa ni hesabu moja, na mwezi uliopita wanakikundi waliikubali bila ugomvi.

Mama mwenzetu, ukiletewa mashine kuukuu usiikatae kwa uzee wake, wala usiinunue kwa urahisi wake. Kaa kwanza na baba watoto, mwandike kazi yake na kiasi mlichonacho. Kisha nenda na mtu anayejua, aiwashe mbele ya macho yenu kabla hamjatoa fedha.

Na ile bahasha? Muhula ulipofunguliwa, binti aliipeleka shuleni ikiwa kamili.