Swali Lililobandikwa Mlangoni

Tembeeni katika njia za Makiso, hapa Kisangani, mkatazame kuta. Matangazo mengi hayasifu tena bidhaa tu. Yanamwuliza mpita njia swali, au yanamchokoza: Je, wewe waweza? Wajua kilichofichwa chini ya kifuniko? Moyo wa mtu hautulii mbele ya swali lisilo na jibu, wala haupendi kuambiwa kwamba hauwezi. Basi mkono unaingia mfukoni.

Werevu huu si mpya. Mwaka 1919, huko Marekani, Maxwell Sackheim aliandika tangazo la masomo ya mwalimu Sherwin Cody. Kichwa chake kiliuliza: Je, unafanya makosa haya katika Kiingereza? Likachapwa magazetini kwa muda wa miaka 40 hivi. Nguvu yake imo katika neno dogo "haya". Kama angeuliza juu ya makosa tu, msomaji angejibu "hapana" na kugeuza ukurasa. Lakini akiona "haya" hana budi kutazama: makosa gani? Tena aliyatazama bure, maana mengine yaliandikwa palepale pamoja na masahihisho yake. Hapo ndipo mimi ninapotenga tangazo jema na mtego. Kifuniko cha chupa hakisemi neno mpaka umeinunua chupa.

Mwaka jana paroko aliniagiza niandike tangazo la darasa la watu wazima wasiojua kusoma. (Msicheke: asiyejua kusoma husomewa na wenzake, na midomo ya sokoni ni mingi.) Nikaandika: "Fedha zimeingia katika simu yako. Nani anakusomea hesabu?" Chini yake nikaweka neno moja la Kifaransa linalopatikana katika ujumbe wa namna hiyo, "reçu", na maana yake: umepokea.

Mzee mmoja wa baraza la parokia alikasirika. "Mwalimu, unawaaibisha mama zetu mbele ya watu." Neno lake lilikuwa zito, kwa maana uchokozi humuuma zaidi aliye mnyonge. Nilimjibu kwamba tangazo halisemi kuwa mtu hajui. Lauliza tu ni nani anayemsomea. Hakuridhika, na mpaka leo hajaridhika.

Siku ya tatu mama mmoja muuza samaki alisimama mlangoni pa kanisa, akasomewa tangazo, akanyamaza. Halafu akanijia.

"Mwalimu, mtoto wangu ndiye anayenisomea. Lile neno liko wapi humu?"

Akanipa simu yake. Tukalitafuta pamoja katika ujumbe wa asubuhi ile, akaliona mwenyewe, akalifuata kwa kidole mpaka kwenye tarakimu. Zilikuwa franka 15,000. Alikuwa ameambiwa 10,000.

Akaifunga simu katika pindo la kitenge chake, akauliza darasa linaanza saa ngapi.