Gemu za Pleistesheni Korogwe na Handeni: Kutoka Sidii Hadi Bando

PlayStation 2 ya Sony ilizinduliwa Japani Machi 2000. Korogwe na Handeni wengi waliijulia kwenye banda la gemu: chumba kimoja, televisheni ya chogo, benchi, na vijana wanaolipia kwa mechi. Banda lilisifiwa kwa sidii zake. Pro Evolution Soccer (PES) ya Konami, gemu ya soka, ndiyo iliyolipa kodi ya chumba, kwa kuwa mechi huisha upesi na aliyefungwa huachia pedi. Grand Theft Auto: San Andreas, ya mwaka 2004, ilikuwa ya wenye subira, mchezaji aliihifadhi safari yake kwenye memori kadi ya megabaiti 8 na kuiendeleza siku nyingine. Korogwe, iliyo kwenye barabara kuu ya Arusha, ilipata sidii mapema. Handeni, kilomita 65 pembeni, ilisubiri, hasa kabla ya lami.

Sony iliacha kuitengeneza PlayStation 2 mwanzoni mwa 2013, na PES 2014 ikawa ya mwisho kutolewa kwa ajili yake. Mabandani haikufa. Wapenzi wa gemu katika nchi mbalimbali waliendelea kuibadilisha PES ileile, wakiingiza wachezaji na jezi za kila msimu. Nakala hizo hazikuwa halali na Konami haikupata kitu, lakini ndizo zilizowapa watoto wa Manundu, Korogwe, na Chanika, Handeni, kikosi cha mwaka huu kwenye mashine ya zamani. Marudio rasmi hayakuwalenga: San Andreas iliyotengenezwa upya Novemba 2021 ilihitaji mashine mpya, tena ilitoka na kasoro nyingi. Kilichowafikia ni simu. Programu ya PPSSPP, iliyotoka 2012, iliingiza gemu za PSP, mashine ya mkononi ya Sony, kwenye simu ya mfukoni, na mabanda yakapoteza wateja.

Mwaka 2021 Konami iliigeuza PES kuwa eFootball, ya bure lakini ya kupakuliwa, na PlayStation 5 tayari ilikuwa na toleo lisilosoma diski. Kwa banda la wilayani hilo ni pigo la kweli. Diski iliweza kuazimwa, kuuzwa na kusafiri kwa basi. Gemu ya kupakuliwa hubaki kwenye akaunti ya aliyeinunua na hula bando. PS4 ya mtumba, inayosoma diski, ndiyo inayolifaa zaidi banda kwa sasa, na mwenye banda anayenunua PS5 afadhali achague yenye sehemu ya diski.