Pua ya Shangingi na Korongo Lisilo na Daraja

Kila masika wanafunzi wangu huniuliza: lile bomba jeusi linalopanda ubavuni mwa magari ya serikali hadi usawa wa paa lina kazi gani? Wengine hulidhania kuwa ekzosi. La hasha. Ni snokeli, yaani pua ya gari.

Injini huvuta hewa. Ikivuta maji, pistoni hukutana na kitu kisichoshindilika, na mikono yake huweza kupinda papo hapo. Snokeli huhamisha tundu la hewa kutoka ndani ya boneti hadi juu. Mvua ya kawaida haiidhuru, kwani kichwa chake hutenganisha matone na hewa, kisha huyatoa kwa vitundu vidogo. Katika nchi za theluji, kama Kanada, baadhi ya madereva hukigeuza kichwa hicho kitazame nyuma, maana theluji ipeperushwayo na upepo huweza kujazana kwenye filta na kuiziba.

Hata hivyo, hiyo ni pua tu. Haizuii maji kupenya kwenye difu wala kufikia nyaya za umeme. Kubwa zaidi, haishindani na mkondo. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 hutosha kuyasomba magari mengi. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Kitui, Kenya, basi lililobeba wanakwaya lilizama katika mto Enziu uliofurika. Watu zaidi ya 30 walifariki. Na basi ni zito na refu kuliko shangingi lolote.

Nimesafiri mara nyingi katika magari yenye snokeli nikienda kukagua wanafunzi walio katika mafunzo kwa vitendo vijijini. Tumevuka makorongo huku bodaboda zimesimama pande zote mbili, na watoto wa shule wameshika viatu mkononi wakisubiri maji yapungue. Katika ripoti za safari huandikwa kwamba msafara ulifika salama. Korongo halitajwi.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Snokeli humvusha kiongozi, na kwa kumvusha humwondolea sababu ya kudai daraja. Sisemi zing'olewe, gari la wagonjwa linaihitaji kuliko gari jingine lolote. Nasema hivi: mtumishi wa umma, uvukapo korongo, andika jina lake, kina chake na idadi ya watu uliowaacha wakisubiri. Kisha ripoti hiyo uipeleke kwenye kikao cha bajeti cha halmashauri.