Vigingi vya Wana wa Merari
Soma Hesabu 4:29-32 kabla ya ibada ya kesho. Wana wa Merari hawakubeba sanduku la agano. Walibeba nguzo, vigingi na kamba, na Mungu aliagiza wakabidhiwe kila kitu kwa jina lake.

Wewe unayefunga mitambo hapa Maua, kifungu hicho ni chako. Stendi nyingi za maikrofoni zina meno ya inchi 5/8, nyingine 3/8. Yasipolingana usilazimishe, tumia adapta. Zungusha kwanza kinyume, kama unayefungua, mpaka usikie meno yameingia mahali pake, ndipo ufunge kwa vidole. Vidole vikikataa usikimbilie koleo, litakula meno. Vumbi la mkutano wa nje litoe kwa mswaki mkavu (mswaki mzee unatosha, usiombe pesa za sadaka).

Stendi za spika ndizo zinazoninyima usingizi. Skrubu iliyoliwa meno huonekana imekaza, kumbe haishiki, na spika ni nzito. Mbele ya jukwaa huketi watoto wa shule ya Jumapili. Leo jioni, kabla ya mazoezi ya sifa, jaribu kila skrubu kwa mkono. Stendi isiyoshika iweke kando, hata kama kesho tutatumia spika moja.