Bomba Lisilo na Mkono

Mwezi wa Desemba jijini London, jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Kijana wetu, zao la madrasa ya msikiti wetu, anasomea huko sera za afya. Tulipomzuru alitueleza kuwa somo lake la kwanza lilikuwa kuipanga siku: Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hufuatana upesi, na darasa halimngoji mtu.

Alitupeleka mtaa wa Broadwick, eneo la Soho, penye bomba la ukumbusho lisilo na mkono. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu hapo. Daktari John Snow alibaini kuwa wengi wao walikunywa maji ya bomba la mtaa. Wakuu wa eneo wakakubali mkono wake ung'olewe.

“Ustadhi,” akasema, “daktari alileta ushahidi, lakini uamuzi ulikuwa wa kamati. Hiyo ndiyo sera. Je, kisima cha msikiti wetu kilipimwa lini?”

Sisi tuliobeba dhamana ya ukatibu hatukuwa na jibu, ilhali watoto wa madrasa hunywa maji hayo kila siku. Tumerejea, na hiyo ndiyo ajenda ya kwanza ya kikao kijacho, inshaallah. Elimu ya kijana wetu imeanza kutufaa kabla hajahitimu.