Kuflunk, Kuanguka

Maneno ya kufeli tunayo mengi. "Kufeli" lenyewe ni Kiingereza tulichokivisha kanzu kitambo, hata hatukishuku tena. Pia tunasema mtu ameanguka mtihani. Kisomali kinaona hivyo hivyo: "wuu dhacay", ameanguka. Siku hizi kuna "flunk", tulilookota kwenye muvi za Marekani, zile za shule zenye makabati kwenye korido.

Lilianza kuandikwa huko Marekani miaka ya 1820, likiwa neno la mtaani la wanafunzi wa vyuo. Mwanzoni halikuwa na shida na alama. Lilimaanisha kurudi nyuma, kukwepa, kukata tamaa. Wengi huliunganisha na "funk", neno la wanafunzi wa Uingereza la kuingiwa na woga. Yaani aliyeflunk ni yule aliyeogopa akajitoa.

Sasa lipeleke Tarbaj, kaunti ya Wajir. Novemba 2014, watu 28 waliuawa kwenye basi lililotoka Mandera, walimu wakiwa miongoni mwao. Februari 2018, walimu wakauawa tena huko Qarsa, Wajir kwenyewe. Baada ya hapo, mamia ya walimu wasio wenyeji wakahamishwa kutoka kaunti hiyo. Siwalaumu. Wewe ungebaki?

Lakini watoto walibaki. Binamu yangu, aliyesomea Tarbaj, alimaliza mihula mizima na kitabu cha Kemia bila mtu wa kumfafanulia. Halafu KCSE ikaja. Karatasi ni ile ile ya Nairobi, siku ile ile, na gredi ni zile zile, kuanzia A hadi E. Matokeo yalipotoka aliniandikia: "Walaal, nimeflunk."

Neno hilo halikumfaa. Kuanguka angalau kunaacha swali: ulikanyaga wapi, ardhi ilikuwaje? Flunk haiulizi kitu. Inakuita mwoga na kufunga mjadala. Ilhali huyu alienda darasani kila asubuhi, hata siku ambazo mbele ya ubao hapakuwa na mtu, na kila karatasi ya mtihani aliifanya.

Nikamwambia hivyo: "Wewe hukuflunk. Wewe ndiye uliyebaki."

Akajibu: "Sawa, walaal. Lakini chuo kikuu wanataka C+."