Sauti ya Kuazima: Tafakuri juu ya Ramsa za Nyimbo

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuiheshimu huzuni. Tanzia hupewa mihadhara na utendi hupewa tasnifu, ilhali ramsa, hasa ile inayoimbwa, huachiwa watoto na kumbi za harusi. Mathalani, Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein imehakikiwa kuliko Aliyeonja Pepo (1973) ya Farouk Topan, kana kwamba tamthilia inayochekesha haina la kufundisha. Makala haya yananuia kuitetea ramsa ya nyimbo ya filamu za zamani, nami nitaitetea kutoka Faza, katika kisiwa cha Pate, nilikoanza kuionja sanaa hiyo.

Utotoni mwangu Faza hatukuwa na jumba la sinema. Filamu zililetwa kwa mashua kutoka Lamu zikiwa katika kanda za video, zikaonyeshwa uani kwa nguvu ya jenereta. Za Hollywood zilikuwa adimu. Nyingi zilitoka Bombay. Hakuna uani pale aliyejua Kihindi, lakini vicheko vilitangulia vitendo. Nilipomuuliza bibi yangu mzaa mama anacheka nini, alinijibu, "Mjukuu wangu, maneno yake siyajui, lakini urongo wake naujua." Haukupita muda kabla mahadhi ya filamu hayajasikika harusini, yamevikwa maneno ya Kitikuu yenye kumsuta jirani au kumtania bwana arusi. Mahadhi yalikuwa ya Bombay. Fumbo lilikuwa la Faza.

Miongoni mwa filamu hizo, iliyonikaa zaidi ni Padosan (1968), iliyoongozwa na Jyoti Swaroop na kutiwa muziki na R. D. Burman. Bhola, aliyeigizwa na Sunil Dutt, anampenda jirani yake Bindu, naye Bindu anapenda muziki. Masikini Bhola hajui kuimba. Rafiki yake Vidyapati, ambaye ni Kishore Kumar, anajificha karibu na dirisha na kuimba, huku Bhola akichezesha midomo tu. Mwalimu wa muziki wa Bindu, aliyeigizwa na Mehmood, anajibu kutoka dirisha la pili, na ushindani wao unakuwa malumbano hasa.

Mzaha huu una kina. Katika sinema ya Kihindi ya enzi hizo, waigizaji wengi walichezesha midomo kwa sauti za waimbaji waliorekodi studioni. Hata Mehmood, anayemshindania Bindu kwa sauti, aliimbiwa na Manna Dey. Filamu inaifanya kanuni ya sanaa yake kuwa ndiyo hila ya hadithi. Hollywood nayo ilipita njia hiyo katika Singin' in the Rain (1952), ambamo Kathy, msichana asiyejulikana, anamwazima nyota Lina sauti yake, hadi pazia linapovutwa na hila kufichuka. Kinaya ni kwamba Debbie Reynolds, aliyemwigiza Kathy, naye aliimbiwa na Betty Noyes katika sehemu ya nyimbo hizo. Filamu inayodai kumrejeshea mwenye sauti haki yake ilimficha mwenye sauti mwingine.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kulielewa suala hili. Marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alipata umaarufu kwa taarabu za mahadhi ya Kihindi, na nyingi ya tungo alizoziimba zilitungwa na Ahmad Nassir Juma Bhalo. Je, wimbo wa namna hiyo ni wa nani: mwenye mahadhi, mwenye maneno, au mwenye koo? Swali hili la umilisi wa sauti, ambalo nadharia hulieleza kwa kurasa nyingi, Padosan imeliuliza kwa dirisha moja.

Wala wimbo wa hila si mgeni kisiwani Pate. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa akiwa kifungoni anamtuma kijakazi Saada kwa mamaye na ujumbe wa kishairi: apikiwe mkate wa wishwa, ndani yake mtiwe tupa. Kisha, chini ya vishindo vya ngoma ya gungu, anakereza minyororo. Walinzi wanasikia maneno wasijue maana. Waimbaji wanasaidia wokovu wasioujua. Tumekisoma kisa hiki kama ushujaa, nacho ni ushujaa. Lakini mpango wake ni wa ramsa, na bila ngoma shujaa asingetoka.

Kwa hiyo hoja kwamba nyimbo huikatiza hadithi haina mashiko. Richard Dyer, katika makala yake ya mwaka 1977, alieleza kwamba burudani ya namna hii huwapa watu hisia ya yale wanayoyakosa: wingi penye uhaba, nguvu penye uchovu, umoja penye mtengano. Nikiukumbuka ule ua wetu, nadhani alisema kweli, ila nitaongeza kwamba Faza haikuridhika na kupokea. Iliyachukua mahadhi ikayafanyia kazi.

Hapa ndipo penye hasara. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wa uzamili alipendekeza kuzitafiti nyimbo za harusi zilizotungwa na wanawake wa visiwa vyetu kwa mahadhi ya filamu. Jopo lilikataa: mahadhi ni ya kuigwa, maneno ni ya mzaha. Mwanafunzi alibadilisha mada, akafaulu vizuri. Nyimbo hazikuandikwa, na watunzi wawili niliowafahamu wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Kanda za filamu zipo, na yeyote apendaye atazipata. Maneno ya Kitikuu yaliyozivaa sauti zake yamo vifuani mwa wazee wachache. Wanaotaka kuyahakiki waanze kwa kuyaandika, nao wasione haya kucheka wakiandika.